Kusema Kweli Mbele ya Watu Wetu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kusema kweli. Ni neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia tangu katekisimu, na hatukusudii kulirudia kama somo la watoto. Tungependa kulitazama upande mmoja tu, ulio mgumu, ambao semina zetu nyingi huupita juu juu, nao ni kusema kweli mbele ya watu wetu wenyewe.

Kuwakosoa watawala si kazi ngeni kwa Tume za Haki na Amani. Katika miaka ya 1990, Maaskofu wa Kenya walipotoa barua za kichungaji juu ya mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa, kila mtu alimjua wa kuogopwa. Alikuwa na ofisi, gari na askari. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru, aliyewatetea waliofukuzwa makwao, alisema akijua wazi ni nani atakayekasirika. Padre John Kaiser alitaja majina ya wakubwa mbele ya Tume ya Akiwumi, na mnamo Agosti 2000 mwili wake ukaokotwa kando ya barabara katika eneo la Naivasha. Mwaka 2007 mahakama ikatamka kwamba aliuawa. Hofu ya namna hiyo haijatoweka nchini, na familia za vijana waliotekwa nyara baada ya maandamano ya mwaka 2024 zinaijua kuliko sisi.

Hata hivyo ipo hofu ya pili, isiyovaa sare. Ni hofu ya kutengwa na jamaa, na majirani, na watu wa lugha moja nasi, na hata na wenzetu tunaoketi nao benchi moja kanisani. Hofu hii haina kituo cha polisi wala mahakama, na kwa sababu hiyo haina pa kukatia rufani. Tunadiriki kusema kwamba siku hizi huwanyamazisha waamini wengi kuliko ile ya kwanza.

Tazameni jinsi inavyofanya kazi. Kundi la ukoo katika WhatsApp lina watu mia moja na zaidi. Usiku mmoja, uchaguzi ukikaribia, mtu analeta picha ya mapanga yaliyorundikwa chumbani, na maelezo kwamba kabila fulani wanajiandaa kutumaliza. Yuko katika kundi lile mwalimu aliyekwisha kuiona picha hiyo miaka iliyopita, ikihusu nchi nyingine kabisa. Akisema hivyo, jibu la kwanza huwa kimya. La pili ni methali, na kwa kawaida ni ile ile: mkataa kwao mtumwa. La tatu ni swali: umelipwa na nani? Mwishowe msimamizi wa kundi anamwondoa, wala hakuna anayeuliza kwa nini.

Mtu wa mbali atasema: si kundi la simu tu, anunue simu nyingine aendelee na maisha yake. Asemaye hivyo haelewi. Katika kundi lile ndimo hutangazwa misiba. Ndimo huchangwa bili ya hospitali na karo ya watoto. Ndimo hupangwa ni nani atakayesindikiza posa, na ni nani atakayelala matangani. Mwalimu aliyeondolewa hajanyang'anywa nafasi ya kutoa maoni. Amenyang'anywa mazishi yake. Ikiwa mkewe ataugua kesho, hajui ni nani atakayekuja. Kwa hiyo mwenye akili hupima, akanyamaza, akaizima simu, akalala. Asubuhi kila mmoja katika kundi lile anaona kwamba hakuna aliyepinga, naye anaamini kuwa wote wamekubali, ilhali pengine nusu yao walijua kwamba ule ni uongo, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Huko Marekani na Ulaya jambo linalofanana na hili limezungumzwa sana miaka ya karibuni kwa jina la utamaduni wa kufuta watu. Mnamo Julai 2020, waandishi na wanazuoni zaidi ya 150 walitia sahihi barua katika jarida la Harper's wakilalamika kwamba watu wanafukuzwa kazi na kuaibishwa kwa sababu ya maoni yao. Wengine waliwajibu kwamba wenye majina makubwa na majukwaa hawana haki ya kulia kuwa wamenyamazishwa. Mabishano yale ni ya kwao, na hatuna haja ya kuyabeba yote. Sisi tulikuwa na neno letu kabla ya barua ile kuandikwa. Neno hilo ni kususia. Mtu akisusiwa, hakuna anayekwenda kwake kwa furaha wala kwa msiba.

Wala hatusemi kwamba kila kususia ni dhambi. Weusi wa Montgomery, katika jimbo la Alabama, walisusia mabasi ya mji wao kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955, kwa sababu walikuwa wakilazimishwa kuwapisha Wazungu viti, na Kanisa halina sababu ya kuwalaumu. Mwezi wa Juni 2024, vijana wa Kenya walizisambaza namba za simu za Wabunge na kuwapelekea maelfu ya ujumbe juu ya Muswada wa Fedha. Wenyewe waliita kuwasalimia. Mbunge aliyeomba kura zetu ni haki yake kusalimiwa. Anayesusiwa ana nguvu, kinachopingwa ni tendo lake la hadharani, na mlango uko wazi kwake: akiacha tendo lile, yamekwisha. Mambo hubadilika kabisa anaposusiwa mnyonge, kwa neno alilosema, bila njia yoyote ya kurudi. Na katika siku zile zile za Juni na Julai, vijana waliokuwa wakisema kwa fahari kwamba hawana kabila, hawana kiongozi wala hawana chama, baadhi yao walimgeukia mwenzao aliyethubutu kusema kwamba labda yafaa kuzungumza na serikali, wakamwita msaliti aliyenunuliwa. Kabila lilikuwa limeondoka, lakini desturi zake zilikuwa zimebaki.

(Tuongeze hapa, kwa kuwa tunawajua baadhi ya wageni wetu wa Jumapili: mkubwa aliyeiba mali ya umma, akaulizwa, kisha akasimama mimbarini kutukumbusha kwamba tusihukumu, huyo hajafutwa na mtu. Ameulizwa tu.)

Neno lenyewe, msaliti, ladai tulichunguze, maana limepata kufanya kazi kubwa karibu nasi. Nchini Rwanda, mnamo Oktoba 1990, baada ya vita kuanza, serikali ilikamata maelfu ya watu kwa madai kuwa ni ibyitso, yaani washirika wa adui. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, gazeti la Kangura likachapa yale liliyoyaita amri kumi za Wahutu. Mara nyingi tunakumbuka kwamba amri zile ziliwalenga Watutsi. Tunasahau jinsi zilivyowageukia Wahutu wenyewe: Mhutu aliyeoa Mtutsi, au aliyefanya naye biashara, alitangazwa kuwa msaliti. Chuki ya jirani ilihitaji kwanza kumfunga mdomo mtu wa nyumbani. Agathe Uwilingiyimana alikuwa Mhutu. Alipokuwa Waziri wa Elimu alitaka wanafunzi wapewe nafasi kwa alama zao, siyo kwa kabila lao. Aliuawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, akiwa Waziri Mkuu, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuuawa. Mhariri wa Kangura alihukumiwa na mahakama ya kimataifa pale Arusha mwaka 2003, lakini kufikia hapo neno lake lilikuwa limekwisha kutenda kazi.

Hatusemi kwamba kundi la simu la ukoo ni sawa na Kangura. Kusema hivyo kungekuwa ni kutia chumvi, na hapa tunazungumzia kweli. Tunasema tu kwamba mahali ambapo mtu wa nyumbani haruhusiwi kusema, hakuna tena wa kuzuia.

Turudi kwetu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tuyataje mahali patatu tu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Tarehe 27 Januari, Naivasha, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja walimokuwa wamejificha. Nao wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Na Kisumu, watu walipigwa risasi na polisi, baadhi yao wakiwa wamegeuza mgongo. Katika nchi nzima waliokufa kwa risasi walizidi 400.

Sasa kila mmoja wetu na ajiulize, bila kujibu kwa sauti: katika hayo matatu, ni lipi ulilolisikia nyumbani kwenu mara nyingi, na ni lipi uliloliona leo kama habari mpya? Ziko nyumba ambazo Kiambaa hutajwa kila mwaka, na Naivasha haitajwi kamwe. Ziko nyumba ambazo Naivasha hutajwa, na Kiambaa huitwa ajali. Ziko nyumba ambazo waliopigwa risasi Kisumu huitwa wahuni hadi leo, na nyingine ambazo humkumbuka polisi mwenye bunduki ila hazimkumbuki jirani aliyevunjiwa duka. Hakuna anayedanganya, kwa maana kwamba kila jambo linalotajwa lilitendeka. Hata hivyo anayetaja lake peke yake, akiwa mbele ya watu wake, hajasema kweli bado. Kinachogharimu ni kulitaja lile jingine, mezani kwa shangazi, mbele ya watoto, pasipo kutanguliza neno "lakini wao ndio walioanza."

Wachungaji nao walishikwa. Mwezi wa Februari 2008, Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Wakatoliki hawakuwa nje ya jambo hilo: katika mabishano ya mwaka 2007 juu ya majimbo, waamini wengi walipomsikia Askofu akisema, kwanza walitazama ametoka wapi, ndipo wakaamua kama ni Roho Mtakatifu au siasa.

Yuko atakayesema: basi tuache kabisa habari za makabila, tuwe Wakenya tu. Ushauri huu unapendeza masikioni, nasi hatuukubali. Mnamo Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla huko Wajir, wanaume wa jamii moja ya Wasomali walikusanywa na vikosi vya usalama, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Waliitwa kwa jina la ukoo wao, nao waliuawa kwa jina hilo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, ilibidi iwasikilize kwa jina hilo hilo. Mjane wa Wagalla akiambiwa asilete ukabila, anaambiwa anyamaze. Vivyo hivyo kwa waliopokonywa ardhi kwa sababu ya asili yao. Yaonekana kwetu kwamba wanaochoshwa upesi na habari za makabila mara nyingi ni wale ambao jina la kwao halijawahi kuwagharimu kitu. Mtu na aseme yaliyowapata watu wake, na aseme kwa jina lao. Tunalolikataa ni jina lile kutumika kama cheti: kwamba wa kwetu hawezi kukosa, na kwamba mwizi wetu ni afadhali kuliko mwadilifu wao.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Tunalikuta katika sura ya pili ya Waraka kwa Wagalatia. Kule Antiokia, Petro alikuwa akila pamoja na waamini waliotoka katika mataifa mengine, bila shida yoyote. Wakaja watu kutoka Yerusalemu, watu wa kwao. Petro akajitenga na meza ile. Paulo anaieleza sababu bila kuificha: aliwaogopa. Hakuogopa Warumi, wala gereza, ambalo alikuwa amekwisha kulijua. Aliogopa uso wa watu wa lugha moja naye. Na hofu yake ikaambukiza, hata Barnaba, mtu mwema asiyekuwa na makuu, akachukuliwa nayo.

Tumezoea kulihubiri tukio hili kana kwamba ni ugomvi wa Mitume wawili. Tungependa mwangalie namna Paulo alivyosema. Alisema mbele ya wote, kwa sababu kosa lilikuwa limetendwa mbele ya wote na wanyonge walikuwa wameachwa mezani peke yao. Alisema uso kwa uso. Hakupeleka barua kwa wengine juu ya Petro kabla ya kumwambia Petro. Alilitaja tendo, na akaeleza kwa nini halipatani na Injili. Na naye alikuwa Myahudi, akizungumza na Wayahudi, juu ya desturi za Wayahudi. Asingeweza kusikilizwa kwa namna ile kama angekuwa mgeni. Wala Petro hakuacha kuwa Petro. Hakuna popote tunaposoma kwamba Paulo aliwataka watu wamwondoe.

Hapo pana onyo pia kwa msemaji. Yuko mtu ambaye, akifika kwa watu wa kabila jingine, hulisema vibaya kabila lake ili ashangiliwe, na akirudi kwao hunyamaza. Huyo amebadilisha tu watu wa kuwapendeza. Yuko na mwingine aitwaye mkweli kwa sababu ya ukali wa ulimi wake, anayefurahia kumwona mwenzake akitahayari. Tunawaomba msiwachague watu wa namna hii kuwa viongozi wa Haki na Amani katika parokia, hata wakijitolea, maana wao ndio hujitolea kwanza.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya mambo machache, nayo si makubwa. Mtu asiondolewe katika kundi la simu la Jumuiya, la kwaya au la chama cha kitume kwa sababu ya jambo alilosema, mpaka watu wawili wamemtembelea nyumbani kwake wakamsikiliza. Njia iliyomo katika sura ya kumi na nane ya Injili ya Mathayo huanza faraghani, kisha huenda kwa mashahidi wawili, na mwisho kabisa ndipo hufika kwa Kanisa. Sisi tumeigeuza, tunaanza na watu mia mbili usiku wa manane, na wa kumwendea faraghani hapatikani. Aliyeondolewa na ukoo wake kwa kupinga uongo, Jumuiya ijue, na ijue mapema, siyo siku ya msiba. Akifiwa, Jumuiya ndiyo itakayolala matangani. Akiuguliwa, Jumuiya ndiyo itakayochanga. Jambo hili lina gharama ya fedha, na tunashauri liingizwe katika bajeti ya Caritas ya parokia badala ya kuachiwa huruma ya wachache. Msipoweza kumhakikishia mtu mazishi yake, msimhimize awe mkweli.

Tena, kabla ya kupitisha picha au sauti yoyote inayohusu kabila jingine, aliyeipokea amtafute muumini mmoja wa kabila hilo, ambaye anamjua kwa jina, amwonyeshe na kumwuliza. Asiyemjua hata mmoja ana kazi nyingine ya kufanya kwanza, nayo ni kutembea.

Mchana huu tutagawanyika katika makundi matatu, nayo tumeyapa majina ya Kiambaa, Naivasha na Kisumu. Tunaomba kila mmoja aingie katika kundi la mahali ambapo waliouawa hawakuwa watu wake. Mtaeleza yaliyotokea pale kama mnavyoyajua, pasipo kuongeza wala kupunguza, na katibu ataandika. Saa tisa watakuja wale ambao waliouawa pale walikuwa watu wao, watasomewa yaliyoandikwa, nao watasahihisha. Wakisahihisha, msibishane nao, andikeni. Vijana ambao mwaka ule walikuwa bado hawajazaliwa wakae na katibu.